Kifungua kinywa kinachokushika hadi mchana: namna ya kukipanga na kukipima

Swali ni lilelile kila mara: "Asubuhi nimekula nikashiba, mbona saa nne tu naanza kutafuta kitu cha kutafuna?" Mwingine huja na kinyume chake: kala mayai na mboga, tumbo limejaa, lakini roho haijatulia, inataka kitu. Wa tatu anataka kujua kama aache mkate moja kwa moja. Wote watatu shida yao ni moja: jinsi protini, wanga, nyuzinyuzi, mafuta na maji vinavyogawana sahani ya asubuhi. Hapa nitakuonyesha namna ya kuipanga sahani hiyo na kuipima kwenye mwili wako mwenyewe, maana tumbo la jirani halikupi jibu.

Nadharia kidogo, ya kutosha tu

Watu huchanganya mambo matatu. Kuna kujaa: tumbo limetanuka na huwezi kuongeza hata tonge. Kuna kudumu: umekaa hivyo kwa saa ngapi. Halafu kuna kuridhika: umekula kitu ulichokipenda na akili imeacha kuwaza chakula. Mlo unaweza kukupa kimoja ukakunyima vingine. Maji mengi hujaza lakini hayadumu. Keki huridhisha, nayo haidumu. Mayai matupu ya kuchemsha hudumu, ila si kila mtu huridhika nayo.

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38. Kila kimoja kilipimwa kwa kiasi chenye kilokalori 240, kisha walaji wakaulizwa kila baada ya dakika 15, kwa saa 2, wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kipimo cha vingine. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, uji wa oti 209, machungwa 202, matufaha 197, mayai 150. Kruasani, ule mkate wa Kifaransa uliojaa siagi, ulipata 47. Kiazi, kinachosingiziwa kila ubaya, ndicho kilichoshika nafasi ya kwanza.

Sababu si uchawi. Kilokalori 240 za viazi vya kuchemsha ni karibu gramu 280, sahani inayoonekana. Kilokalori hizohizo za kruasani ni kama gramu 60, unamaliza ukiwa bado umesimama. Lakini kumbuka kwamba kipimo kile kiliishia saa 2. Wewe unataka kufika saa saba mchana. Kwenye saa ya tatu na ya nne ndipo protini inapoanza kuonyesha kazi yake, na ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ya protini, si ya viazi.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo, au sehemu ya kuandikia kwenye simu.
- Mizani ya jikoni. Ukikosa, kikombe na kijiko cha kupimia vitakufaa, ila makadirio yatakuwa ya jumla.
- Lebo za vyakula unavyonunua vikiwa kwenye pakiti. Usitupe pakiti kabla hujasoma.
- Wiki mbili hadi tatu za asubuhi za kawaida. Wiki ya safari, ya ugonjwa au ya kufunga si wiki ya kupima.
- Saa ya kula isiyorukaruka. Ukila leo saa moja na kesho saa nne, hutajua kilichobadilika ni chakula au ni saa.

Kama unatumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari, zungumza na daktari wako kabla hujagusa kiasi cha wanga cha asubuhi. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze protini kwa kusoma tu mahali. Na kama umewahi kusumbuliwa na matatizo ya ulaji, huu mchezo wa kuandika namba za njaa uache. Unaweza kukurudisha ulikotoka. Mwongozo huu ni wa watu wazima, si wa kupangia watoto.

Hatua kwa hatua

1. Andika unachokula sasa, bila kukibadilisha

Kwa asubuhi tatu, kula kama kawaida yako. Usijitie adabu kwa sababu daftari liko mezani. Andika chakula na kiasi, kisha jipe alama ya njaa kuanzia 0 (sitaki hata kukiona chakula) hadi 10 (chochote kitakachokuja nakula). Pima mara tano: kabla ya kula, ukimaliza, baada ya nusu saa, baada ya saa 2, baada ya saa 3. Pale kwenye nusu saa ongeza alama moja ya kuridhika, 0 hadi 10. Usiipime mapema kuliko hapo, kwa sababu taarifa kutoka utumboni huchukua kama dakika 20 kufika vizuri kichwani.

Mstari mmoja wa daftari utaonekana hivi:

*Jumanne, saa 1:15 asubuhi. Mkate mweupe vipande 2, jamu, chai ya maziwa, sukari vijiko 2. Njaa kabla: 6. Nimemaliza: 2. Nusu saa: 1. Baada ya saa 2: 5. Baada ya saa 3: 8. Kuridhika: 8.*

Usome mstari huo taratibu. Kuridhika ni 8, kwa hiyo ladha haina kosa. Nusu saa baada ya kula njaa ilikuwa 1, kwa hiyo hata kujaa kulikuwepo. Kilichoshindikana ni kudumu. Mtu huyu hahitaji kula zaidi, anahitaji kula tofauti. Mwingine atakuta njaa yake baada ya saa 3 ni 3 tu, ila kuridhika ni 4. Huyo tatizo lake liko hatua ya saba, na akiongeza protini atazidi kununa.

2. Hesabu protini

Kwa kalori zilezile, protini hushinda wanga na mafuta katika kuzuia njaa isirudi mapema. Inausukuma utumbo utoe homoni za shibe, na mwili hutumia nguvu nyingi kuishughulikia: kama asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake huishia kwenye kazi hiyo, wakati wanga hutumia 5 hadi 10 na mafuta chini ya hapo. Kwa mtu mzima lenga gramu 20 hadi 30 za protini asubuhi. Namba za kukusaidia:

- yai moja kubwa: 6
- maziwa, mililita 250: 8
- mtindi wa kawaida, gramu 150: 5 hadi 7
- mtindi mzito uliochujwa maji, gramu 150: karibu 14
- maharage yaliyopikwa, nusu kikombe: 7 hadi 8
- dengu zilizopikwa, gramu 100: 9
- karanga, gramu 30: 7 hadi 8
- oti kavu, gramu 40: 5
- kipande cha mkate: karibu 3

Sasa rudi kwenye ile Jumanne. Vipande viwili vya mkate ni 6, maziwa ya chai tuseme 2. Jumla 8. Hakuna cha kushangaa. Weka mayai mawili badala ya jamu, kisha ongeza glasi ya maziwa pembeni ya chai: 6 na 12 na 8 na 2, unafika 28. Asiyekula mayai achukue nusu kikombe cha maharage na mtindi mzito, atafika palepale.

*Angalizo.* Kosa la kwanza kwa wanaoanza ni kuchanganya uzito wa chakula na uzito wa protini iliyomo. Yai lina gramu 50 hivi, lakini protini yake ni 6. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Kila wiki kuna mtu anayeniambia "mimi nakula gramu 50 za protini asubuhi", ukimuuliza ni yai moja. Kosa la pili ni kuihesabu siagi ya karanga kama chakula cha protini. Ina protini, ndiyo, lakini nusu yake hivi ni mafuta. Ukitaka gramu 25 kutoka kwenye siagi ya karanga peke yake utakuwa umekula kilokalori karibu 600 kabla hata hujagusa mkate.

Na usipande kupita kiasi. Kutoka 8 kwenda 25 utaona tofauti kubwa. Kutoka 30 kwenda 50, wengi hawaoni chochote zaidi ya kuchoka kutafuna.

3. Wanga: usiufukuze, ubadilishe sura

Hapa ndipo ushauri mwingi mbovu unapozaliwa. Mtu anasikia wanga unaleta njaa, anaufuta wote, siku ya tatu anajikuta mbele ya pakiti ya biskuti. Wanga una sura nyingi, na sura ndiyo inayoamua.

Unaokimbia haraka ni ule ulioondolewa kazi yote ya kumeng'enya: sukari, juisi, mkate wa unga mweupe uliokobolewa, nafaka za boksi zenye sukari. Unaingia kwenye damu haraka, sukari hupanda, mwili huishusha, na kwa baadhi ya watu huteremka chini ya pale ilipokuwa kabla ya kula. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Metabolism, uliofuatilia watu zaidi ya elfu moja waliovaa vipima sukari, uliona kwamba mteremko huo wa saa ya 2 hadi ya 3 baada ya kifungua kinywa ulitabiri njaa vizuri kuliko ule mpando wa mwanzo. Jambo la kushika ni kwamba watu walitofautiana sana hata kwa mlo uleule. Ndiyo sababu ya daftari.

Unaotembea polepole ni ule ambao bado una kazi ndani yake: nafaka isiyokobolewa, oti nzima, maharage, dengu, viazi vya kuchemsha, tunda lenye maganda yake. Fanya hivi:

a) Anza na wanga unaoupenda, usianze na unaoambiwa ni mzuri.

b) Badilisha nusu yake. Kipande kimoja cha mkate mweupe, kimoja cha unga usiokobolewa. Baada ya wiki, amua kama unabadilisha na cha pili.

c) Hakikisha wanga hauingii tumboni peke yake. Mkate na yai, uji na maziwa au mtindi, kiazi na maharage. Protini na mafuta hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula utumboni.

d) Ondoa sukari iliyoongezwa kwanza kwenye vinywaji. Ndiyo ya rahisi zaidi kuondoa, na ndiyo inayochangia kidogo kabisa kwenye shibe.

*Angalizo.* Rangi ya kahawia si ushahidi. Mkate unaweza kutiwa rangi. Soma lebo: unga usiokobolewa uwe wa kwanza kwenye orodha ya viambato, na nyuzinyuzi zifike angalau gramu 6 kwa kila gramu 100. Vilevile oti za kusagwa laini sana, zile za kumwagia maji ya moto na kukoroga, huenda haraka kuliko oti nzima zilizopikwa. Kama uji wako ni mwepesi kiasi cha kunyweka, haujatumia nguvu yake yote.

4. Nyuzinyuzi, taratibu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Theluthi yake asubuhi, yaani gramu 8 hivi, ni lengo linalofikika: oti kavu gramu 40 (4) na tufaha moja na maganda yake (4), umemaliza. Nusu kikombe cha maharage peke yake hukupa 6 au 7.

Si nyuzinyuzi zote zinazofanya kazi moja. Zilizo kwenye oti na shayiri huvimba na kugeuka ute mzito. Koroga uji wa oti, uache dakika tano, uone unavyoganda kwenye mwiko. Ute huo huo ndio unaochelewesha mambo tumboni mwako. Pumba za ngano zinasaidia choo zaidi kuliko shibe. Maharage na jamii yake yana faida nyingine: ukiyala asubuhi, sukari ya damu huwa tulivu zaidi hata baada ya mlo unaofuata. David Jenkins wa Toronto na wenzake walilionyesha hilo kwa dengu tangu mwaka 1982.

*Angalizo.* Usitoke gramu 2 kwenda 12 kwa siku moja. Utajaa gesi na utazilaumu dengu bure. Ongeza gramu 2 au 3, kaa hapo siku kadhaa, ongeza tena, na unywe maji ya kutosha.

5. Mafuta: kwa kipimo

Mafuta ndiyo yanayowachanganya watu kuliko vyote. Ni kweli yanachelewesha tumbo kumwaga, na ni kweli chakula kisicho na mafuta kabisa hakinogi. Lakini gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya protini au wanga ina 4. Kwa hiyo ukilinganisha kalori kwa kalori, vyakula vya mafuta mengi hushibisha kidogo, kama kile kruasani kilivyoonyesha. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni karibu kilokalori 120 na hukioni kwenye sahani.

Gramu 10 hadi 15 asubuhi zinatosha: mayai mawili yanakupa 10 tayari, konzi ndogo ya karanga ya gramu 30 inakupa 14 au 15. Chagua moja. Ukiweka mayai, karanga, siagi na parachichi kwenye sahani moja, utashiba kweli, kwa gharama ya kalori za milo miwili.

6. Weka maji ndani ya chakula, na ukitafune

Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania ameutumia muda mwingi wa kazi yake kuonyesha kwamba maji yaliyopikwa ndani ya chakula hushibisha kuliko maji yaleyale yakinywewa pembeni. Mwaka 2009, yeye na mwenzake walijaribu tufaha zima, tufaha lililopondwa na juisi ya tufaha, vyote kwa kalori sawa, kabla ya mlo. Waliokula tufaha zima walikula kidogo kuliko wengine kwenye mlo uliofuata. Hata juisi waliyoirudishia nyuzinyuzi haikulifikia tunda.

Basi: tunda likatwe, lisisagwe. Uji uwe mzito wa kuliwa kwa kijiko. Mboga ziingie kwenye mayai. Ukilazimika kunywa kifungua kinywa kwa sababu ya haraka, weka mtindi mzito na oti ndani, na unywe kwa kijiko kama unaweza.

7. Tengeneza kuridhika makusudi

Miongozo mingi huishia hatua ya sita, halafu watu wanashangaa kwa nini hawaendelei. Mtu aliyeshiba bila kuridhika atakula tena, na atakula alichokuwa anakitaka tangu mwanzo, juu ya kile alichokwisha kula.

Jiulize asubuhi unatamani nini hasa. Kwa wengi ni mojawapo ya haya: utamu, chumvi, joto, au kitu kinachovunjika mdomoni. Kiweke ndani ya mlo, kidogo na wazi. Mpenda utamu atie ndizi iliyokatwa kwenye uji badala ya kuzimeza oti tupu kwa uchungu. Mpenda kitu kikavu akaushe mkate wake. Anayetaka joto asijilazimishe mtindi baridi eti kwa sababu una protini. Mayai yana protini pia, na yana moto.

Halafu kaa chini. Dakika 15 mezani bila simu zinafanya kazi zaidi ya gramu 5 za ziada za kitu chochote. Aliyekula amesimama, jicho kwenye ujumbe, hana kumbukumbu ya kula, na kumbukumbu ya mlo ni sehemu ya shibe.

*Angalizo.* Usiufanye mlo wa asubuhi kuwa karamu ya vitu saba. Hamu ya ladha moja huchoka, ya ladha nyingi haichoki. Kila ukibadilisha unafungua upya. Ladha mbili au tatu zinatosha.

8. Jaribu badiliko moja, kwa kalori zilezile

Chukua mlo wako wa hatua ya kwanza, badilisha kitu kimoja, uule asubuhi tatu, upime kama mwanzo. Kisha kingine. Mpangilio ninaoupenda ni protini kwanza, halafu sura ya wanga, halafu nyuzinyuzi, mwisho mafuta. Kalori zisipishane sana: ukiongeza mayai mawili (kilokalori 140 hivi), punguza jamu, sukari au kipande cha mkate. Bila hivyo utagundua tu kwamba ukila zaidi unashiba zaidi, jambo ambalo hata mtoto analijua.

Namba ya kuangalia ni ile ya baada ya saa 3. Ikishuka kutoka 8 hadi 5 na kuridhika kukabaki 7 au zaidi, umepata mlo wako. Ikishuka hadi 4 lakini kuridhika kukaanguka, mlo huo hutaula mwezi ujao, kwa hiyo usiusherehekee. Siku uliyopata usingizi wa saa nne au tano tu, ifute kwenye hesabu. Usingizi mfupi huongeza njaa, na hakuna yai litakaloufidia.

Mambo yakienda kombo

*Protini nimefikisha, njaa bado inarudi baada ya saa 2.* Angalia kwanza jumla ya kalori. Mayai mawili na tango ni kilokalori 160. Huo si mlo, ni kionjo. Wengi wanaopunguza wanga husahau kuweka kitu mahali pake. Kama kalori zinatosha, angalia kinywaji: sukari ya kwenye chai au juisi bado ipo?

*Tumbo linajaa gesi na kubeua hakuishi.* Umekimbia na nyuzinyuzi. Rudi nusu. Maharage loweka usiku, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Kama ni maziwa yanayokusumbua, jaribu mtindi. Wengi wasioyaweza maziwa huuvumilia.

*Nimeshiba lakini natamani kitu kitamu.* Ni hatua ya saba, si ya pili. Weka tunda mwishoni mwa mlo, si saa mbili baadaye. Ukiona hamu inakuja saa ileile kila siku hata ukiwa umeshiba, huenda ni mazoea ya kikombe cha saa nne, na tumbo halihusiki.

*Asubuhi sina hamu ya kula kabisa.* Hauko peke yako. Njaa ina saa yake ya ndani: kwa kawaida huwa chini kabisa karibu saa mbili asubuhi na juu kabisa karibu saa mbili usiku, hata chakula kikiwekwa pembeni ya hesabu. Subiri saa moja au mbili. Hakuna sheria kwamba lazima ule ukiamka, na majaribio yaliyokusanywa pamoja mwaka 2019 katika jarida la BMJ hayakuonyesha kwamba kula kifungua kinywa kunapunguza uzito. Ukila saa nne, pima kutoka saa nne.

*Nashiba hadi mchana, lakini usiku nafagia jiko.* Huenda mchana unakula kidogo mno kwa kuwa huhisi njaa. Usiruke mlo wa mchana kwa furaha ya kifungua kinywa kizuri. Kula hata kidogo, protini iwemo.

*Nikila nasinzia.* Shibe mwana malevya, wahenga walishasema. Punguza ukubwa wa mlo na wanga uliokobolewa, gawanya mara mbili kama unaweza: nusu sasa, nusu baada ya saa 2.

*Natetemeka, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio kabla ya mchana.* Hilo si la daftari. Nenda ukapimwe sukari. Vivyo hivyo kwa anayeshiba baada ya matonge mawili tu, siku nyingi mfululizo, na uzito unashuka bila yeye kutaka: aende kwa daktari, na daftari lake aende nalo.